Gharibu wa Timu ya Taifa

Watu wa Kasulu hawakuwahi kuamini kwamba Gharibu muuza vitenge aliwahi kuichezea Tanzania, na yeye mwenyewe alikwishachoka kuwashawishi. Akisema kriketi, wanamwuliza ndiyo nini. Akieleza, wanacheka: huo si mchezo wa Wahindi, watu kushinda juani wamevaa nyeupe kama mahujaji? Basi akanyamaza. Lakini utani ulikwishamganda, na hadi leo wachuuzi wenzake sokoni wakitaka kumchokoza humwita Timu ya Taifa. "Timu ya Taifa, leo umefunga ngapi?" Naye hutabasamu, maana mwenye duka akinuna mteja anavuka barabara.

Kweli alicheza. Mechi nne, zote Windhoek, mwaka aliotimiza miaka ishirini na miwili. Alikuwa mrushaji wa mpira wa kasi. Aliangusha wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano, na katika mechi ya mwisho ukamponyoka mpira mwepesi wa kudaka, ambao mpaka leo humjia usingizini. Waliporudi Dar es Salaam meneja wa timu akakusanya pasipoti zote zikatunzwe ofisini. Mwezi uleule baba yake, mzee Badru, akafariki huko Kumsenga. Gharibu akaja kuzika, akakaa arobaini, akakuta mama mgonjwa na wadogo zake watatu wakingoja kulishwa. Hakurudi tena. Maisha yote ya Gharibu ya kucheza nje ya nchi, tangu kupanda ndege hadi kushuka, yalichukua siku kumi na moja.

Alichobaki nacho ni ujuzi wa mkono, na huo akampa binti yake. Firdausi alipokuwa na miaka minane baba yake alimchorea mistari mitatu ya mkaa, mfano wa vijiti vya wiketi, kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, akampa mpira wa tenisi uliozungushiwa plasta, akamwambia aipige ile mistari. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu, na ukuta ulikuwa umebonyea. Mwaka jana Kocha Saady alikuja kutoka Dar es Salaam kufundisha kriketi ya wasichana mashuleni. Alimtazama Firdausi akirusha mipira sita, akauliza nani amemfundisha. Alipojibiwa ni baba yake muuza vitenge, kocha akawa mtu wa kwanza mjini humo ambaye hakucheka.

Jumanne moja ya mwanzo wa mvua, kocha huyo akapiga simu.

"Mzee Gharibu, kaa chini kwanza."

"Nimekaa, Kocha."

"Binti ameingia timu ya taifa. Wasichana kumi na wanne Tanzania nzima, mmoja wako. Tunasafiri nje baada ya wiki tano. Nahitaji pasipoti yake ndani ya wiki mbili, niwakatie wote tiketi. Kazi ndogo hiyo: cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako cha taifa, basi."

Siti, mke wa Gharibu, alipiga vigelegele mpaka muuza dagaa wa jirani akaja kuuliza nani kaposwa. Firdausi alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa mikono miwili. Gharibu alicheka nao, akawakumbatia. Lakini kitambulisho cha taifa hakuwa nacho. Aliomba miaka sita nyuma, akapewa karatasi ya kusubiri, na bado alikuwa anasubiri. Huku mpakani si ajabu. Ukiwa mtoto wa mchuuzi asiye na ukoo mkubwa wa kumsemea, na Kiha chako na Kirundi cha ng'ambo ni mtu na ndugu yake, unaambiwa uraia wako unachunguzwa. Uchunguzi unalala. Nawe unazoea kuishi hivyohivyo, mpaka siku mtoto anapohitaji jambo.

"Utaenda kesho?" Siti aliuliza.

"Nitaenda asubuhi na mapema. Safari hii nina ushahidi."

Akavuta sanduku uvunguni, akatoa bahasha.

*

Afande Venanti wa uhamiaji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa dini. Alilifukua faili la Gharibu, akalipangusa vumbi, akaanza maswali. Nyuma yao benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri zamu, na mtu asiye na la kufanya masikio yake huwa makali.

"Umezaliwa wapi?"

"Kumsenga, Kibondo."

"Babu mzaa baba alitoka wapi?"

"Alikuwa anachuuza chumvi ya Uvinza, afande. Akaoa Kumsenga, akabaki."

"Kwa hiyo alitoka nje."

"Alitoka Uvinza."

"Ndiyo. Nje ya Kumsenga." Akaandika. "Hebu nihesabie kwa Kiha, moja mpaka kumi."

Mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mwenye duka na kofia ya kiua kichwani, akasimama mbele ya meza akahesabu kama mtoto wa chekechea. Alipofika kumi, bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Hata Mrundi anahesabu hivyohivyo," na watu wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Walikuwa wanajua zamu zao zinakuja.

Gharibu alihisi uso unamwaka. Akaifungua bahasha kwa haraka kuliko alivyokusudia, akatandaza vitu mezani: kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai, na picha ya vijana kumi na watano waliovaa kijani na manjano. "Huyu hapa wa pili kutoka kushoto ni mimi, afande. Niliichezea nchi hii. Hivi wanaweza kumpa jezi ya taifa mtu asiye raia?"

Watu wa benchi wakanyoosha shingo. Afande Venanti akaivuta picha karibu, akamtazama Gharibu, akaitazama tena. Usoni mwake palionekana furaha ya kweli. Kisha akachukua lile gazeti, akasoma kwa sauti ndogo. "Mrushaji chipukizi Gharibu Salumu, mzaliwa wa Ilala." Akanyanyua macho. "Salumu ni nani?"

Hapo ndipo Gharibu alipokumbuka. Miaka yote aliyokuwa akikitoa kile kipande cha gazeti na kukirudisha, alikuwa akisoma zile wiketi. Jina lilikuwa limezoeleka machoni kama jina la mtaa.

"Ni baba yangu mdogo, afande. Nilipelekwa kwake nina miaka saba. Alipoenda kuniandikisha shule akatoa jina lake na mtaa wake. Si unajua, mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Angeniandika Badru wa Kumsenga, kila mwaka mwalimu angeuliza mzazi yuko wapi."

"Na pasipoti?"

"Pasipoti ilifuata vyeti vya shule."

"Kwa hiyo kwenye pasipoti ya Jamhuri ya Muungano wewe ni mtoto wa Salumu, umezaliwa Ilala. Na kwenye fomu hii ni mtoto wa Badru, umezaliwa Kumsenga."

"Ni mtu mmoja, afande."

"Najua ni mtu mmoja, nakuona." Akainama, sauti ikashuka hadi chini ya masikio ya benchi. "Mzee wangu, nisikilize vizuri. Nikiziingiza karatasi hizi kwenye faili nina majina mawili, na mojawapo lilidanganya serikali likapata pasipoti. Hilo ni kosa la jinai. Huku kwetu watakwambia umevuka mto kutoka ng'ambo ukajitafutia baba mjini. Zichukue. Mimi sijaona kitu. Swali la kumi na nne linauliza kama umewahi kuwa na pasipoti. Jaza hapana, tia sahihi kwenye kiapo. Alhamisi ijayo nina safari ya Kibondo, tutapita Kumsenga niwahoji wazee. Wakikutambua, wiki hiyohiyo nakupitisha, na mtoto anapata yake."

Gharibu aliitazama ile fomu. Alikuwa mtu wa swala tano. Akaandika hapana, herufi zikatoka zimepinda, akatia sahihi chini ya neno naapa.

"Na jambo moja," afande alisema akilifunga faili. "Usiwapigie simu wazee kuwafundisha la kusema. Nikigundua mashahidi wameandaliwa, sina msaada tena."

*

"Umeikana timu?" Siti aliuliza usiku, huku akichambua maharage.

"Nimejaza fomu."

"Baba Firdausi, mimi nimeolewa na wewe miaka kumi na tisa, na hakuna mgeni aliyeingia humu ndani bila kuambiwa habari za Windhoek. Leo umeapa hujafika?"

"Ningefanyaje? Yeye ndiye aliyenionyesha njia. Angeweza kunifunga."

Nje mpira ulikuwa unagonga ukuta, ukirudi, ukigonga. Siti akasikiliza kidogo. "Basi wapigie Kumsenga. Mpigie mzee Tharsisi, mwambie habari za mpira asizitaje."

"Amekataza."

"Atajuaje?"

"Siti, nimekwishaapa uongo mmoja. Acha hayo mengine yawe ya kweli. Wazee wananijua, nimezaliwa mikononi mwao. Hakuna cha kuwafundisha."

Siti akauvuta ungo karibu. Alirudia kuchambua, akitupa hata maharage mazima. Gharibu aliyaokota yale mazima, akayarudisha. Alijiona mwaminifu usiku ule, maskini, kwa mara ya mwisho.

*

Kumsenga waliwakuta wazee wanne wameketi kwenye varanda ya ofisi ya kijiji, pamoja na mwenyekiti mwenye daftari la mihtasari. Mzee Tharsisi, jirani wa marehemu Badru, alikuwa amevaa koti la suti juu ya kanzu ya kazi, kwa ajili ya serikali. Alipomwona Gharibu akainuka kwa shida, akaanza kupiga makofi ya salamu.

"Mwakeye, mwana wanje! Mwakeye!"

"Mwakeye neza, mzee."

Afande Venanti aliendesha mahojiano kwa heshima. Aliuliza nyumba ya Badru ilikuwa wapi, akaonyeshwa. Aliuliza babu wa chumvi alizikwa wapi, akapelekwa mpaka kwenye kaburi lenye mawe matatu kando ya mihogo. Mzee Tharsisi alijibu yote bila kigugumizi. Mkunga alikuwa mke wake mwenyewe, alisema, na mtoto alitoka akiwa amekunja ngumi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, wakashindwa hata kwenda Kibondo kununua sukari ya mzazi. Mwenyekiti aliandika kila neno. Gharibu aliketi kwenye kigoda pembeni akisikiliza habari za kuzaliwa kwake, na kwa mara ya kwanza katika juma lile pumzi ilimtoka yote.

"Mimi nimeridhika," alisema afande Venanti, akifunika kalamu. "Wazee, nawashukuru. Kuna mwenye la kuongeza kabla hatujafunga?"

Aliuliza kwa sababu fomu ilimtaka aulize.

"Ego, ninalo," alisema mzee Tharsisi. Akasimama tena. Alikuwa amelitunza neno hilo tangu asubuhi, na hakuna aliyemwambia asilitoe. "Afande, nitasema bila kuogopa. Nyinyi mnamsumbua kijana huyu bure. Kila siku Mrundi, Mrundi! Hivi mnajua ni nani? Huyu aliichezea Tanzania! Alipanda ndege akaenda kutupigania huko mbali, kabla wewe hujaota ndevu!"

"Mzee," alisema Gharibu.

"Acha niseme! Wewe una aibu, mimi sina. Baba yake alituita sote pale uani akatuonyesha picha. Tulichinja mbuzi. Badru alilia mbele yetu, mwanamume mzima. Wiki mbili baadaye tukamzika. Andika hilo, mwenyekiti!"

Mwenyekiti alikuwa anaandika. Wazee wengine walikuwa wakitikisa vichwa kwa fahari, mmoja akampigapiga Gharibu begani. Afande Venanti hakuinua kalamu yake. Alimtazama Gharibu, kisha akalitazama daftari la mwenyekiti, ambalo lingepigwa muhuri na kuambatanishwa na faili.

"Mzee wangu," alisema polepole, kama anayetafuta mahali pa kukanyaga, "labda unamchanganya na mwingine. Wadogo zake ni wengi."

"Nimchanganye? Nikuchanganyie mtoto aliyezaliwa mikononi mwa mke wangu?" Mzee Tharsisi akacheka kwa kutoamini. "Ni huyuhuyu! Na pasipoti ya Tanzania niliiona kwa macho yangu, alimtumia baba yake picha aliyopigwa ameishika uwanja wa ndege!"

Akaketi. Akamkonyeza Gharibu, kumwonyesha kwamba kazi imekwisha. Na Gharibu afanye nini? Amkemee mzee wa miaka themanini aliyevaa koti la suti kwa ajili yake? Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru.

*

Gari lilikuwa limefika kwenye kona za Kifura.

"Nilijaribu," alisema afande Venanti.

"Nilikuona."

"Sasa una kiapo kinachosema hapana, na ushahidi wa kijiji unaosema ndiyo. Mimi siwezi kukupitisha tena. Faili linakwenda mkoani."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka. Pengine zaidi."

"Na binti yangu?"

"Mtoto anamfuata mzazi. Wewe usipokuwa na uraia uliothibitishwa, yeye naye anasubiri." Akaendesha kidogo. "Omba Mungu libaki kuwa jambo la kuchelewa tu. Kesi iliyolala haimli mtu. Lakini kile chama chenu cha kriketi kikianza kuandika barua, eti mchezaji wetu anacheleweshwa, makao makuu watalichimbua. Wataikuta pasipoti ya Salumu wa Ilala. Hapo si kuchelewa tena, hapo ni pingu. Mwambie kocha wenu atulie."

Gharibu aliyatazama mashamba yanayopita, watu wameinama wakipanda maharage. Kumwambia kocha atulie, sawa. Lakini kocha ataambiwa sababu gani ili atulie? Saady alikuwa mtu wa kupambana. Ukimwambia pasipoti imekwama, kesho yake asubuhi atakuwa mlangoni kwa katibu wa chama.

*

Aliwaeleza nyumbani yote, bila kuficha hata lile la pingu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuchagua la kusema. Siti alilia kwa sauti. Alimlaani afande, akamlaani mzee Tharsisi, halafu akajishika mdomo kwa kumlaani mzee. Firdausi hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo tukimwambia Kocha ukweli, baba anaweza kufungwa?"

"Anaweza," alisema Gharibu.

Simu ya Kocha Saady iliita ikiwa bado jioni. Gharibu aliitazama ikitetemeka juu ya mkeka. Alikuwa amepanga maneno garini, lakini yote yalikuwa na tundu. Ikaita mpaka ikakatika. Ilipoanza tena, Firdausi akainyakua, akatoka nayo uani. Wao wawili wakamsikia kupitia dirishani.

"Freshi, Kocha, shikamoo... Hapana, sio freshi sana. Kocha, nimeumia." Akasikiliza. "Goti. La kulia. Niliteleza jana kwenye matope, nikasikia limelia ndani." Akasikiliza tena. "Wameniambia miezi minne nisirushe kabisa... Hapana, Kocha, usije. Mbali sana. Mchukue Reine wa Kibondo, yule anarusha vizuri... Najua. Najua, Kocha. Asante kwa kunichagua."

Akarudi ndani, akamkabidhi baba yake simu kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama anayerudisha chenji.

"Amesema pole. Hatafuatilia pasipoti tena."

Gharibu akaipokea kwa mikono miwili. Firdausi akaingia jikoni kumsaidia mama yake kugeuza ugali.

*

Uongo wa simu haukwisha kwenye simu. Asubuhi iliyofuata, kabla hata ya kengele, Kocha Saady alikuwa amekwishampigia Mwalimu Esteri wa michezo kumpa pole. Gharibu aliyajua hayo alipofika na binti yake kwenye geti la shule na kumkuta mwalimu anakuja mbio, kanga imemdondoka begani.

"Firdausi, mwanangu! Ni mguu upi?"

Firdausi alikuwa ametembea vizuri njia nzima kutoka nyumbani. Akasimama. Akauhamishia uzito wote mguu wa kushoto, akagusa goti la kulia.

"Huu, mwalimu."

"Ndiyo Mungu gani huyu? Na zimebaki wiki tatu tu!" Mwalimu Esteri akafuta machozi. Akamgeukia Gharibu. "Baba, umempeleka hospitali? Wamempiga picha?"

Wanafunzi walikuwa wamewazunguka. Gharibu aliutazama ule mguu mzima uliokunjwa, mguu alioufundisha mwenyewe pa kukanyaga na pa kuruka.

"Nimempeleka," alisema.

Firdausi akaanza kuvuka uwanja, akichechemea. Hakusahau hata hatua moja. Alichechemea siku hiyo, na majuma matatu yaliyofuata, akienda na kurudi, na kila asubuhi baba yake alifunga duka akamsindikiza akimbebea mkoba, kwa kuwa ndivyo afanyavyo baba wa mtoto mgonjwa. Sokoni wakampa pole, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwita Timu ya Taifa. Timu iliondoka Ijumaa, majira ya saa nne asubuhi. Jumatatu Firdausi alikwenda shule akitembea sawasawa, na Mwalimu Esteri akamshukuru Mungu mbele ya darasa zima kwa kumponya haraka.